Jinsi ya Kutunga Tuni Mpya ya Wimbo wa Ibada na Kuioanisha na Maneno Yake

Mtunzi akikaa kwenye kinanda, akapata sauti tamu, kisha akaanza kutafuta maneno ya kupachika juu yake, mara nyingi hupata wimbo unaopendeza kupigwa lakini mgumu kuimbwa. Waumini hujikuta wakitamka "Mu-NGU" na "Bwa-NA". Pumzi hukatika katikati ya sentensi, na neno zito la ubeti hupita chini kwenye noti fupi kana kwamba halina maana. Wachache wataweza kueleza kasoro iko wapi. Wengi watanyamaza tu na kuiachia kwaya iimbe peke yake, na hilo kwangu ni hasara kubwa, kwa sababu wimbo wa ibada ni mali ya kusanyiko lote.

Njia ninayoipendekeza hapa inaanzia kwenye maneno yanavyosemwa. Kiswahili kina mkazo wake, na tuni ya ibada sharti iutii. Vifaa ni vichache: kalamu, karatasi, kitu cha kurekodia sauti, na ujuzi wa do-re-mi. Kinanda au gitaa vitasaidia, ila usiviguse kwanza.

Hatua ya kwanza: yasome maneno kwa sauti

Simama, soma ubeti mzima kama mtu anayeomba au anayehubiri. Usiughani. Soma mara kadhaa, kisha chora kistari juu ya kila silabi inayobeba mkazo. Kwa Kiswahili kazi hii ni nyepesi, maana mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: MU-ngu, u-PE-ndo, wo-KO-vu. Neno likirefushwa, mkazo nao husogea: on-DO-a huwa on-do-E-ni. Maneno mafupi kama "ni", "na", "kwa", "wa" hayana mkazo wake, huegemea neno linalofuata.

Yapo maneno machache yanayokwenda kinyume, na hapo sikio ndilo litakalokuongoza. Mfano unaojulikana ni "barabara": ukikaza ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ukikaza ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa. Tuni ikiweka pigo zito mahali pasipo pake, inaweza kubadili maana, na hata pasipo kubadili maana inalifanya neno lisikike kigeni.

Kuna uhuru mmoja tunaoupata. Lugha nyingi za Kibantu zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha neno na neno, na mtunzi wa lugha hizo hana budi kufuata mwendo huo. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Kwa hiyo melodia yako inaweza kupanda au kushuka utakavyo, mradi uzito ukae panapostahili.

Hatua ya pili: hesabu mizani, kisha tazama uzito umekaa wapi

Hii ndiyo hatua ninayoiomba usiiruke.

Hesabu silabi za kila mshororo kama washairi wanavyohesabu mizani. "Mtu" ni mizani mbili, "nchi" ni mbili, "mlinzi" ni tatu, kwa sababu M na N za mwanzo zinasimama peke yake. Lakini "mwanga" ni mbili, "mbingu" ni mbili, maana hapo M imeungana na herufi inayofuata. "Taa" na "kaa" ni mbili kila moja, maana kila irabu ina pumzi yake. Neno la mwito "Ee" laweza kuwa moja au mbili. Amua, kisha ushikilie uamuzi huo wimbo mzima.

Ukimaliza, andika namba za mishororo kwa mfuatano. Ubeti wa utenzi wa kawaida, wenye mishororo minne ya mizani nane, utaandikwa 8.8.8.8. Vitabu vya nyimbo duniani hutumia namba hizi kupanga tuni. 8.6.8.6 huitwa mizani ya kawaida, 8.8.8.8 mizani ndefu, 6.6.8.6 mizani fupi. Tuni yoyote ya 8.8.8.8 inaweza, kwa hesabu, kuimbwa na maneno yoyote ya 8.8.8.8.

Kwa hesabu tu. Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Tuni za Kiingereza za mizani ndefu na ya kawaida, zilizo nyingi, huanza na noti nyepesi kabla ya pigo zito, kwa hiyo uzito huangukia silabi ya 2, 4, 6 na 8. Silabi ya mwisho ya mshororo inapata pigo zito. Kiingereza kinaridhika, maana kina maneno mengi yanayoishia na mkazo. Kiswahili hakina. Mshororo wetu wa mizani nane una mkazo kwenye ya saba. Ukiupachika kwenye tuni ile, kila mwisho wa mstari utatoka "Bwa-NA". Watafsiri wa zamani walilazimika kuishi na tatizo hilo kwa kuwa tuni zilikwishapendwa, na walifanya kazi kubwa ndani ya kizuizi hicho. Anayetunga tuni mpya hana kizuizi hicho.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Kwenye mwendo wa mapigo mawili, zito na jepesi, mshororo wenye mizani shufwa, yaani 6, 8 au 10, uanze moja kwa moja kwenye pigo zito. Wenye mizani witiri, yaani 5, 7 au 9, uanze na noti moja nyepesi kabla ya pigo zito. Ukifanya hivyo, silabi ya pili kutoka mwisho itaangukia pigo zito kila mara. Jaribu kwa vidole mezani, utaona.

Mwendo wa mapigo matatu una hesabu yake. Ukiipa kila silabi pigo moja, uzito unakaa kwenye 1, 4 na 7. Mshororo wa mizani nane unaishia pigo la nane, na pigo la tisa linabaki tupu kwa ajili ya pumzi. Ni umbo zuri sana kwa Kiswahili, ila si kila mshororo wa nane unalikubali. Linganisha hii miwili:

Bwana, mlinzi wa kweli
Siku yetu inaisha

Yote ina mizani nane. Wa kwanza una mkazo kwenye 1, 4 na 7: BWA-na m-LI-nzi wa KWE-li. Unacheza vizuri kwenye mapigo matatu. Wa pili una mkazo kwenye 1, 3 na 7, na ukiuweka kwenye mapigo matatu utasikia "ye-TU". Mahali pake ni mapigo mawili. Basi kabla ya kuchagua mwendo, pitia mishororo yote ya beti zote, uone mingi imeelekea wapi. Walio wengi ndio wanaoamua.

Je, kila mkazo wa katikati lazima ukae kwenye pigo zito? Hapana. Sikio husamehe katikati ya mshororo, hasa kwenye viunganishi na vitenzi virefu. Mambo mawili sikubali kuyasamehe: mwisho wa mshororo, na majina ya Mungu. Hayo yakae sawa hata kama itabidi uandike mstari upya.

Hatua ya tatu: sikiliza ubeti unaelekea wapi

Uliza maswali machache. Sentensi inaishia wapi: mwisho wa mshororo, au inavuka kwenda wa pili? Ikivuka, melodia isitue pale kati kama imemaliza. Iache ikining'inia kwenye re au so. Neno zito la ubeti ni lipi? Hapo ndipo kilele cha tuni kitakapokuwa. Maombi ni ya mtu mmoja au ya wengi? Ni shangwe, toba, au utulivu wa jioni?

Angalia pia beti zinazofuata. Ikiwa kilele cha ubeti wa kwanza kiko mshororo wa pili, na cha ubeti wa tatu kiko mshororo wa nne, tafuta mahali pa wastani au zungumza na mwandishi wa maneno. Watunzi wengi huandika tuni ya ubeti wa kwanza peke yake, kisha beti nyingine zinaburutwa nyuma.

Hatua ya nne: piga makofi kabla ya kuimba

Soma maneno huku ukipiga makofi kwenye mapigo mazito, mpaka maneno yakae yenyewe. Rekodi. Huo mdundo ndio mifupa ya tuni. Nyongeza mbili za kuzingatia: silabi ya pili kutoka mwisho iwe ndefu au sawa na ya mwisho, isiwe fupi kuliko hiyo, na kila baada ya mishororo miwili pawe na nafasi halisi ya kupumua, iliyoandikwa. Usitegemee waumini wataiba pumzi mahali fulani.

Hatua ya tano: tafuta melodia

Sasa imba, bado bila kinanda. Vidole vina mazoea yake, navyo huvutwa kwenda kwenye nyimbo vinazozijua. Koo linatafuta njia rahisi, na njia rahisi ndiyo unayoihitaji kwa kusanyiko.

Kwa kusanyiko, tuni isizidi oktava moja na noti moja au mbili za ziada. Sauti ya juu kabisa isivuke D au E-flati, maana watu wengi hawajapasha sauti zao. Kwenda kwa hatua, do-re-mi, kuwe kwingi kuliko kuruka. Na ukiruka, rudi kwa hatua kinyume cha ulikorukia. Noti ya juu kabisa itokee mara moja tu katika ubeti. Ikitokea mara tatu, hakuna kilele tena.

Nitumie ubeti huu kama mfano, wa utenzi, mizani 8.8.8.8:

Siku yetu inaisha,
Bwana, taa yako washa;
Kazi zetu zatuchosha,
Kaa nasi hadi mwanga.

Mikazo imekaa 1, 3, 5, 7 karibu kote, kwa hiyo mwendo ni mapigo mawili, kuanzia pigo zito. Neno zito ni mwito "Bwana". Mshororo wa tatu ni uchovu, wa nne ni ombi. Tuni yaweza kuwa hivi, silabi moja kwa noti moja:

Si-ku ye-tu i-na-i-sha: mi re do mi so so la so
Bwa-na ta-a ya-ko wa-sha: do (ya juu) ti la so la fa mi re
Ka-zi ze-tu za-tu-cho-sha: re mi fa re mi fa so mi
Ka-a na-si ha-di mwa-nga: la so fa mi re ti (ya chini) do do

Imba pole pole uone kilichofanyika. Mshororo wa kwanza unashuka na kupanda tena, unaishia so, haujatulia. "Bwana" anaitwa kwenye noti ya juu kabisa, na ni mahali pekee noti hiyo inapotokea. Mshororo wa pili unatua kwenye re, kituo cha nusu njia, maana ubeti haujaisha. Hapo ongeza mapigo mawili ya kimya watu wavute pumzi. Wa tatu unazunguka palepale chini, kwa noti za karibu karibu, kama maneno yenyewe. Wa nne unapanda kidogo kwenye "Kaa" kisha unashuka mpaka do. Do ikiwa D, noti ya juu ni D na ya chini ni C-shapu, na karibu kila mtu atafika.

Angalia pia maungio. Mshororo wa tatu unaanza kwenye re ileile ulioishia wa pili, kwa hiyo hakuna atakayepotea baada ya kupumua. Maungio magumu ndiyo yanayowaangusha waimbaji zaidi ya noti za juu.

Ukikwama, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Weka mdundo, badilisha noti. Au weka noti, badilisha mdundo.

Hatua ya sita: pitisha beti zote

Imba kila ubeti, mshororo kwa mshororo, bila kuruka. Hapa ndipo ukweli unapojitokeza. Tuseme ubeti wa pili unaanza "Mlinzi wetu hulali". Mizani ni nane, hesabu imetimia, lakini mkazo uko 2, 4 na 7. Kwenye tuni yetu M peke yake inapata pigo zito, "li" inapita haraka, na "wetu" inakuwa "we-TU".

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuandika upya: "Wewe, Bwana, husinzii" ina maana ileile na mkazo 1, 3 na 7. Kina kitabadilika, na mishororo miwili inayofuata nayo itabidi ifuate. Ya pili ni kugawa noti: "M" iwe noti fupi ya kuchukulia kabla ya pigo, "li" ianguke kwenye pigo zito, na mahali pengine silabi moja iimbwe kwa noti mbili ili hesabu ifidiwe. Inafaa kwa kwaya, kwa kusanyiko inachanganya. Ya tatu ni kuuacha kama ulivyo, na hiyo ninaikataa kwa mwanzo wa ubeti, kwa sababu ndipo masikio yote yanaposikiliza.

Ikiwa maneno si yako, usibadilishe kimya kimya. Mwandikie mwenye maneno, mweleze tatizo, mpe pendekezo. Washairi wengi hufurahi kuona mtu amesoma kazi yao kwa makini kiasi hicho.

Ukiwa na tuni bila maneno, au maneno bila tuni

Maneno na tuni si lazima vizaliwe pamoja. Maneno ya John Newton, "Amazing Grace", yalichapishwa Uingereza mwaka 1779. Tuni inayoimbwa nayo leo, New Britain, iliunganishwa nayo na William Walker huko Marekani mwaka 1835, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Kinyume chake, mwaka 1873 Phoebe Knapp alimpigia Fanny Crosby tuni aliyokuwa ameitunga, na Crosby akayapata maneno kutokana na tuni hiyo; ndivyo "Blessed Assurance" ilivyotokea. Njia zote mbili ni halali.

Ukianza na tuni, iandikie kwanza ramani: mizani ya kila mshororo, na namba za silabi zinazopata uzito. Mpe mshairi ramani hiyo pamoja na sauti iliyorekodiwa kwa "la la la". Mwambie pia kilele kiko silabi ya ngapi, asije akaweka "na" au "kwa" mahali pa juu kabisa.

Ukiwa na maneno na unataka tuni iliyopo, usiridhike na ya kwanza inayolingana mizani. Chukua tatu au nne, imba ubeti mmoja kwa zote, sikiliza maneno yanageuka vipi. Maombolezo yanayoimbwa kwa tuni ya kuchezesha mabega hayawi tena maombolezo. Na kumbuka tuni inayojulikana sana hubeba maneno yake ya zamani: watu wataimba maneno mapya huku mioyo yao ikiwa kwenye yale ya kale. Wakati mwingine hilo ni msaada, kwa mfano maneno mapya ya Krismasi juu ya tuni ambayo tayari ni ya Krismasi. Wakati mwingine linafuta kazi yote ya mshairi.

Sauti nne

Sitakaa sana hapa. Kwa tuni ya kusanyiko, mapatano (noti tatu zinazolia pamoja) ya do-mi-so, fa-la-do na so-ti-re yanatosha kwa sehemu kubwa. Andika besi kwanza, iwe na mwendo unaoimbika wenyewe, kisha jaza sauti ya pili na ya tatu kwa noti za karibu. Sauti zote nne zitamke kila silabi pamoja. Ukianza kuzitawanya, maneno yanapotea. Mwishoni mwa ubeti, so-ti-re kwenda do-mi-so ndiyo inayowaambia watu kwamba wamefika.

Jaribu mbele ya watu

Chukua watu wachache wasiosoma noti. Waimbie ubeti mara mbili, kisha nyamaza waimbe wao. Usiwasahihishe. Wakibadilisha noti fulani, wote kwa namna ileile, wana haki, andika walivyoimba. Wakisita, sita hapo nawe: kuna ruko gumu au pumzi imekosekana. Rudi kwao baada ya siku kadhaa, uwaombe waimbe bila kukumbushwa. Sehemu waliyoikumbuka ndiyo tuni. Sehemu waliyoisahau inahitaji kazi.

Jina, namba na ruhusa

Tuni ipewe jina lake, tofauti na jina la wimbo, ili iweze kuhamia maneno mengine bila kuchanganyikiwa. Waweza kutumia mahali, mtu unayemheshimu, au neno la ubeti. Mtunzi Mwingereza Ralph Vaughan Williams aliiita tuni yake moja ya mwaka 1906 Down Ampney, jina la kijiji alikozaliwa. Tuni ya Old Hundredth ilitoka Geneva mwaka 1551 ikiwa ya Zaburi ya 134. Waingereza wakaihamishia Zaburi ya 100, na jina likafuata hapo.

Juu ya karatasi andika jina la tuni, mizani yake, jina la mwandishi wa maneno upande mmoja na la mtunzi wa tuni upande mwingine, na mwaka. Andika pia do ni ipi na mwendo ni wa kasi gani.

Kuhusu maneno ya mtu mwingine: Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi ya mwandishi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeweka 70. Tafsiri nayo ina haki zake. Shairi la asili laweza kuwa huru huku tafsiri yake ya Kiswahili ingali inalindwa, kwa hiyo tazama jina la mtafsiri pia. Ruhusa iombwe kwa maandishi, ikitaja beti zipi, zitatumika wapi, na kama zitarekodiwa au kuchapishwa. Nakala ya jibu iwekwe pamoja na karatasi ya tuni.